Msamaha Ulioishia Masikioni Mwangu

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu inayonisumbua hadi leo, nami nina wajukuu. Niliishi Naviundu kwa kambo, mama wa baba yangu. Nilipewa jina la dada yake mkubwa, Ngoie, aliyekaa mbali, Kilwa yetu ya kando ya ziwa. Nilikuwa majina wake, na kwetu majina wa mtu huheshimiwa kama mtu yule yule. Lakini kambo aliniita "we" tu, asilitamke jina la dada yake. Ngoie hakufika kwenye kilio cha kifungua mimba wa kambo, akasema njia ilikatwa na mvua. Kambo hakusadiki. Wakanuniana miaka mingi.

Kila saa sita ya mchana, nikisonga bukari, ugali wetu, nilimsikia nyuma ya nyumba akiongea kwa sauti mbili. Moja, ambayo haikuwa yake, iliomba msamaha. Yake ikajibu, "Hapana." Mwanzoni nywele zilinisimama, kisha nikazoea, na mazoea yana taabu. Siku hiyo, kwa utundu, nikaitangulia ile sauti. Nikasema dirishani, "Mudogo wangu, unisamehe."

Kambo akaingia, akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi polepole kama anayesalimia mkubwa.

"Yaya Ngoie," akasema, kama anayemwita dada yake mkubwa, "biliisha, yote ilikwisha. Roho yangu ilichoka."

Tangu hapo alikula vizuri, akalala, akacheka. Nami niliogopa kugombezwa, sikumwambia kwamba nilicheza, wala sikupeleka neno Kilwa. Majuto ni mjukuu, wasema watu. Yangu yamezeeka pamoja nami.

Ngoie alifariki mwaka uleule. Kilioni, binti yake alinieleza kwamba kila saa sita mama yake aliuomba ukuta msamaha, na ukuta ukamjibu.

"Ukuta ulisema 'Hapana'," akaninong'oneza. "Hata siye tulisikia. Kisha siku moja ukanyamaza, na mama akasema mudogo wake amemutupa kabisa."

Niliona aibu, nikaficha tena kwamba kambo alisamehe.

Sasa nakaa Kenya, nyumba yangu iko karibu na soko. Pikipiki zinanguruma nje, na bado saa sita namsikia Ngoie akiniuliza, "Mudogo alisema nini?" Namjibu, "Alisema biliisha, yaya." Kesho yake anauliza tena.

Mwanangu, ukisamehe, usiishie moyoni, wala usimpe mwingine msamaha usio wake. Mwendee mwenyewe ukamwambie, angali ana masikio. Uzee una maumivu yake ya kutosha. Mungu akupe roho nyepesi, na saa sita zako zote ziwe kimya.