Udongo wa Nyuma ya Minyaa

Wiki iliyopita walinirudishia majibu ya udongo wangu. Mimi, mwanamke wa Mungaa huku Singida, niliyeishia darasa la tatu, nimeshapimwa presha, nimeshapimwa macho, sasa hata shamba langu limeingia kwenye foleni. Aliyekuja ni binti mmoja, mtaalamu wa kilimo, ana adabu zake, alinipa shikamoo kabla hajatua mkoba. Kiangazi alikuja na chuma kirefu kama keekee ya seremala, akawa anakizungusha ardhini, kinatoka na udongo, anautia kwenye mfuko. Akachukua na unga wa mahindi tunaokula. Basi wiki iliyopita ndiyo karudi na karatasi.

Karatasi inasema shamba la mbele limechoka, halina madini ya zinki. Inasema unga wetu, mweupe hivyo, madini ya chuma ni haba. Na wewe unajua hapa nyumbani nina kitukuu, ana miaka mitatu, kutwa amelala kama kuku mwenye kideri, kliniki wakasema damu yake haitoshi. Binti akafungua mkoba, akanipa pakiti ya mbegu. Uwele. Akasema, "Bibi, mngerudi kwenye uwele, mchanganye na kunde. Huyu mtoto angepata nguvu."

Mngerudi! Nilicheka kile kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba. Nikamwambia akae chini, maana kurudi ni habari ndefu.

Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea mimi, alikuwa anapima udongo kwa ulimi. Usicheke. Mvua za kwanza zikishanyesha alikwenda shambani asubuhi, hajala kitu, akachota kidonge cha udongo, akakifinyanga kiganjani, akakinusa, akakigusisha ulimi. Udongo wa magadi unang'ata, alisema. Uliochoka hauna neno, unakaa mdomoni kama majivu ya jana. Ulio hai una utamu wa mbali, kama maji ya mtungi mpya. Akiukuta umechoka, au akiona kiduha, yale majani yenye kimaua kizuri yanayonyonya mizizi ya nafaka, hakulaumu mtu. Babu alihamisha boma la ng'ombe likaenda kulala hapo miaka miwili mitatu, kisha pale palipokuwa boma panapandwa. Mtu wa kwetu hakuuliza shamba lako ni kubwa kiasi gani, aliuliza boma lako la zamani liko wapi.

Na nafaka alipima pia. Hiyo aliipima kwa kuku. Kuku wetu sisi ndio hawa wanaopanda mabasi siku hizi kwenda Dar, matenga kwa matenga, watu wanakula huko wanasema kuku wa Singida ni mtamu, hawajiulizi alikula nini. Lakini nimetoka njiani. Bibi alimwaga mafungu mawili uani, nafaka hii na nafaka ile, akawafungulia kuku. Fungu walilokimbilia ndilo alilopikia mama aliyejifungua. Uji wa uwele ule! Wa kijivu, mzito, unanuka moshi kidogo na karanga kidogo, unaunywa asubuhi unachunga hadi jua la utosi hukumbuki njaa. Jioni ugali wake na mlenda, maziwa mgando yakiwepo. Nilisaga mimi kwenye jiwe, viganja hivi viliota sugu kabla sijaota meno ya ukubwani.

Sasa akaja bwana shamba. Kijana wa mbali, kaptula imenyooshwa, ana kamba yenye mafundo. Akasema uwele ni chakula cha watu waliolala. Kila kaya ilime mahindi, kwa mistari, kamba ivutwe. Kunde katikati ya nafaka ni uchafu. Mlenda ni magugu. Hakuna alichoonja, wala hakuinama kuokota hata kidonge. Bibi akaitikia, akapanda mahindi shamba la mbele, mistari imenyooka kama safu ya meno. Kisha kimyakimya, nyuma ya uzio wa minyaa palipokuwa boma la zamani, akamwaga uwele wake, kunde, njugu mawe, na mlenda akauacha ujiotee.

Nami hapo ndipo niliposhindwa ubinadamu. Shuleni mwalimu alikuwa anatukagua chakula cha mchana. Wenye ugali mweupe walikaa kivulini, sisi wa ugali wa kijivu tulikaa upande wetu, na wenzetu wakatuita wala majivu. Siku moja bwana shamba akaja darasani. Akauliza nyumba gani bado ina uwele shambani. Mkononi kashika penseli mpya, nyekundu, ina raba nyuma. Sisi tulikuwa tunaandikia vijiti mchangani. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu, nyuma ya minyaa.

Bwana shamba na watu wake walikuja kesho yake, uwele umeanza kutoa maua, nyuki wamejaa. Bibi hakugombana. Alileta nyungo mbili, mmoja una mahindi, mmoja una uwele, akazimwaga uani, akafungulia kuku. Wote wakaenda kwenye uwele, wote, hata jogoo. Majirani waliosogea wakaanza kuguna. Bwana shamba akasema, "Mama, mimi sikuajiriwa na kuku." Waliokuja naye wakacheka, wakapita nyuma ya minyaa, wakang'oa. Hata kunde waling'oa, hata mlenda.

Mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa pili. Mahindi yakajikunja yakiwa yanatoa mbelewele, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Kiangazi bibi akashusha kibuyu cha mbegu kutoka darini, kile kilichokuwa na uwele uliochanganywa na majivu usiliwe na wadudu, akaupepeta, akanipa nisage. Alikuwa na msemo kwamba mkulima akila mbegu amekula mguu wake. Siku hiyo hakuusema. Nilisaga. Tukala. Kibuyu kikabaki cha kuwekea chumvi. Shule sikurudi.

Bibi hakuniuliza nilipata wapi penseli. Ningependa angeuliza.

Haya yote nikamwambia binti. Nikamwambia, ninyi mnakuja mmoja mmoja na kila mmoja ana karatasi. Yule alisema ng'oa, wewe unasema panda, na katikati yenu nyote hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Meno ya wanangu yameota kwa uji mweupe usio na kitu, nimezika wawili, leo mnaniletea kwenye pakiti kile mlichokitupa juani. Akainamisha kichwa. Akasema, "Bibi, mimi sikuwepo." Kweli, hakuwepo. Kisha akasema taratibu, "Pale nyuma ya minyaa ndipo udongo wako bora kuliko wote. Ile mbegu ya bibi yako, hakuna hata punje iliyobaki tuipime?"

Hakuna. Naona hapo ndipo hasira ilinipanda. Mahali pa bibi pamepimwa, karatasi imesema alikuwa sahihi, na chuma kile hakiwezi kwenda chini kiasi cha kuitoa mbegu yake. Boma haliko, ng'ombe tulishauza, jiwe la kusagia limekuwa la kukanyagia mlangoni. Wajukuu wangu hawajui kuwa udongo una ladha.

Pakiti nimeipokea, mtoto hali hasira zangu. Kwanza nilimwaga punje chache uani, kuku wakazimaliza, basi nikakubali. Nitapanda nyuma ya minyaa, na kunde katikati, na mlenda ujiotee.

Binti alikuwa na fomu, ina sehemu inaitwa historia ya shamba. Alikuwa ameandika mahindi. Nikamwambia afute, aandike palikuwa na uwele, ukang'olewa. Akaandika. Akaniuliza kama aandike na aliyeonyesha mahali. Nikasema hilo nitaandika mwenyewe. Akanitazama, pengine alidhani nitaomba wino wa dole gumba.

Jina langu najua kuliandika, herufi zote. Nilijifunza kwa penseli ile.