Magome ya Mwarobaini Wetu

Nimechoka na habari za ule mwarobaini, lakini watu wa Kiembeni hawachoki kuniuliza. Basi nieleze, tumalize.

Ulikuwa mpakani, kati ya kiwanja chetu na cha jirani. Mama yangu, ambaye miguu haimbebi tena, alikuwa akikaa chini yake tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, maana chumba chake cha mabati mchana ni tanuri tupu. Kivuli kile ndicho kilichokuwa sebule yake. Jirani mpya alipokuja na ramani ya ghorofa, akasema mti uondoke, nilikasirika.

"Dada, ni mti tu," akaniambia.

Mti tu! Na mama yangu angekaa wapi?

Nikaanza kuzunguka maofisini kutafuta amri ya kuulinda. Afisa wa miti yuko semina. Afisa yuko msibani. Rudi Jumatatu, lete picha, lete barua ya chifu. Barua ya chifu haina muhuri, haya, rudi tena. Viatu vikalika upande mmoja. Siku niliyopewa ile amri, kwamba mti usikatwe wala usiguswe bila kibali, sikuwa hata na nguvu ya kufurahi. Niliitia ndani ya plastiki, nikaifunga shinani kwa kamba. Jirani akaisoma, akaguna, akasogeza ghorofa lake.

Kumbe nilikuwa nimeukinga na mtu mmoja tu. Habari zikaenea kwamba kwetu kuna mwarobaini unaolindwa na serikali, na watu wakaona kama serikali imeuandikia barua, basi dawa yake si mchezo. Wakaja na visu. "Hodi! Mtoto ana homa." "Hodi! Mzee sukari imempanda." Na sisi mama alitulea hivyo: anayeomba mwarobaini kwa ajili ya mgonjwa hafukuzwi. Ningemfukuzaje mtu, na mama mwenyewe yuko pale anamwelekeza, "Toa upande wa huku, mwanangu, kule kumekwisha"? Barua ilikuwa mbele ya macho yao. Hakuna aliyefikiri kwamba kubambua magome ni kuugusa mti, wala mimi.

Kisha mama naye akashikwa na homa. Nikachukua kisu, nikabandua kipande kilichobaki, upana wa kiganja, nikamchemshia. Akapona.

Mti haukupona. Majani yakageuka manjano, yakapukutika; mvua zikaja zikapita, haukuchipua. Nikamwita afisa, na safari hii, ajabu, alikuja upesi. Akauzunguka akipitisha kidole penye kidonda.

"Mmeumaliza pande zote," akasema. "Mngeacha hata kipande kimoja, ungeishi."

Akaniandikia kibali cha kuukata palepale, amesimama.

Siku ya msumeno mama alikuwa kwenye kiti chake, juani, kanga kichwani. Aliangalia mpaka shina likalala.

"Walioubambua ni kina nani hasa?" akaniuliza.

"Watu, mama. Watu wengi."

Akavuta kanga mbele kidogo. "Na ile dawa yangu, uliitoa wapi?"

Nilimwinua, nikamwingiza chumbani. Ilikuwa saa nne asubuhi tu, na mabati yalikuwa yameshaanza kuwaka.