Mbwa Wetu Lafiki

Leo kwa fundi viatu nimenusa ngozi iliyoungua, nikamkumbuka mbwa wetu. Mimi ndiye niliyekuwa binti wa kwanza nyumbani kujua kuandika. Nilichoma jina lake kwa msumari wa moto kwenye mkanda wake wa shingoni, vilevile baba alivyolitamka kwa ulimi wetu wa Kisukuma: LAFIKI.

Mwalimu wangu alipita na baiskeli, akacheka. “Ni Rafiki! Rekebisha!”

Niliona aibu hadi machozi yakanilenga.

“Mbwa ni wangu, mwalimu,” baba akasema.

Mwalimu aliinama kunionyesha kosa. Mbwa akaing’ang’ania suruali yake kwa meno.

“Rafiki! Acha, Rafiki!”

Mbwa akazidi kuvuta. Baba alitafuna muhogo wake taratibu.

“Lafiki!” mwalimu akalia. “Lafiki, tafadhali!”

Mbwa akamwachia, akatikisa mkia.