Maharage ya Mfuko wa Kulia

Baba alikuwa mtunza takwimu wa timu yetu ya kijiji, Nyakitonto, na siku zote hizo sikumwona na kalamu. Jumapili baada ya ibada alikaa kando ya uwanja na kofia iliyojaa maharage na mahindi. Pasi ikimfikia mwenzako, harage moja linaingia mfuko wa kulia wa koti. Ikipotea, punje ya hindi mfuko wa kushoto. Mechi ikiisha anahesabu mbele yetu, na hakuna wa kubisha, maana hakuwa na upendeleo. Hata mchungaji alipocheza alihesabiwa mahindi yake yote, mzee wa watu akabaki kucheka tu. Kisha mama anazimwaga punje zote kwenye sufuria la makande, na timu nzima tunakula.

Sasa nafundisha shule ya Kitahana, huku Kibondo. Mwaka huu nimesoma uchambuzi wa takwimu za michezo mtandaoni, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nyuma ya ofisi ya walimu ambako mtandao unashika. Siku mkufunzi alipotuonyesha jedwali lenye safu mbili, pasi zilizofika na zilizopotea, nilicheka peke yangu kama kichaa. Halafu machozi yakanitoka. Jamani, si ndiyo mifuko ya baba hiyo!

Zoezi la mwisho lilitaka takwimu za mechi unayoijua. Mimi niliitaka moja tu, ya mwisho aliyohesabu baba. Siku hiyo nilipiga pasi, mpira ukaishia kwenye mihogo. Nikashikilia kwamba mwenzangu aliugusa kwanza. Baba alikuwa bado hajatia kitu mfukoni, nami kwa hasira zangu nikamfokea mbele ya watu: "Imefika! Mzee, huoni?" Makande sikungoja, na asubuhi nikaondoka kwenda chuoni bila kumuaga. Wiki hiyohiyo akaugua. Niliporudi, nilirudi kuzika. Koti lake nililiona ukutani, punje za mechi ile bado zimo mifukoni, sikuthubutu kuligusa.

Tangu hapo swali langu ni lilelile. Pasi yangu aliitia mfuko gani?

Likizo ilipofika nikapanda basi mpaka Kasulu, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Nilimkuta mama anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, zile punje za kwenye koti la baba ziko wapi?"

"Mawe, mama yangu! Leo ndiyo unaziuliza? Nilizipanda. Ulitaka zitobolewe na wadudu mfukoni?"

"Hata hukuzihesabu?"

"Nizihesabu, mimi kocha?"

Nilikasirika. Nauli yote ile, na takwimu zimeshaliwa. Mama akaendelea kuchambua, kisha akasema bila kuniangalia:

"Ila mbili alikuja nazo mkononi. Harage moja na punje moja ya hindi. Nikamwambia lete na za mfukoni nipike, akakataa. Akasema hesabu haijaisha, anakungoja wewe, ukirudi utamwambia mwenyewe. Hata kitandani alikuwa nazo."

"Na hizo mbili?"

"Nilizitia shimo moja."

Nikakaa chini palepale. Uwanja mzima uliona mpira ule unaingia kwenye mihogo. Baba aliona kuliko wote. Mtu aliyemhesabia mchungaji bila aibu, kwangu mimi mkono ulimshinda.

Katika masomo yale nilifundishwa kwamba usichokiona usikibahatishe, acha nafasi wazi. Lakini mimi niliona. Nikatoa simu, nikafungua jedwali ambalo halikuwa na chochote, nikajaza mstari mmoja.

Ilipotea, baba. Nilijua tangu inatoka mguuni kwangu.