Baba Alipotaka Kwenda Ulaya Kutembea

Nchi yenyewe siitaji. Ni ndogo mno, nikiitaja wakazi wake wote watajua nawasema wao. Kwenye ramani ya shuleni kwetu jina lake halikuenea ndani ya mipaka, likaandikwa juu ya nchi ya jirani.

Watalii wawili wa huko, mume na mke, walilala kwetu Kisesa miaka ile ya soko huria. Walikuwa wametoka kutazama makumbusho ya Bujora, gari lao likaharibika karibu na nyumba yetu. Mama alichinja kuku, akapika mchele wa Magu, na wazazi wangu wakawaachia chumba chao. Asubuhi wageni wakapiga picha ghala, ng'ombe, mama akipeta mchele, na choo. Picha ya choo ni ya nini, hakuna aliyetueleza. Fundi alipomaliza kazi, wakaaga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijua Kiingereza cha kuombea maji, kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Wanasema karibuni kwao," nikamwambia baba.

Walituachia kijitabu cha rangi kilichoeleza sababu za kuitembelea nchi yao. Baba alikuwa ametoka kupunguzwa kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, yeye na wenzake wengi, kwa maelezo kwamba uchumi umefunguliwa milango. Tangu hapo alishinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Kijitabu kikampa shughuli. Kila jioni nilimsomea na kumtafsiria. Ngome za kale zilimsumbua: kama wafalme wao walikuwa watu wema, walikuwa wanamkimbia nani? Treni zinazofika kwa saa yake alizikubali, ingawa alitaka kujua abiria wanapata wapi nafasi ya kufahamiana. Kulikuwa pia na picha ya ziwa, likisifiwa kwamba unaweza kulizunguka kwa miguu na ukawahi chakula cha mchana. Mama, aliyezaliwa ufukweni mwa Victoria, aliitazama picha hiyo kwa huruma.

"Hili ni lambo," akasema. "Ng'ombe wanakunywa upande gani?"

Nilijaribu kumweleza baba kwamba Mzungu akisema karibu, pengine anaaga tu. Alinikasirikia. "Mtu alale kitandani kwangu, ale kuku wangu, kisha aniambie karibu ya uongo? Unawafanya wageni wangu waongo?" Kwetu mgeni aliyelala kwako usipofika kwake, inaonekana ni wewe uliyemkataa. Basi akaamua kwenda.

Majirani walielewa mtu kusafiri kwa ajili ya msiba, harusi au mgonjwa. Kwenda mbali kote huko kutazama tu kuliwashinda. "Wao si walikuja kututazama?" baba akawajibu. "Na mimi nina macho." Mama akajaza mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Baba akatoa kiinua mgongo chake, tukapanda treni hadi Dar es Salaam kuomba viza. Nchi ile haikuwa na ubalozi kwetu. Iliazima dirisha la jirani yake.

Pale dirishani alikuwepo kijana Mtanzania mwenzetu, amevaa tai.

"Shikamoo, mzee. Unakwenda kufanya nini kule?"

"Marahaba. Nakwenda kutembea."

"Ni kikazi, au matibabu?"

"Kutembea, kijana. Kuona."

Kijana akashusha sauti. "Mzee, sisi ya kutembea hawatupi. Sema unaumwa."

"Siumwi."

Akaingia ndani, akakaa huko, akarudi bila kututazama. "Wanasema sababu haitoshi. Wanaogopa hutarudi."

Baba alicheka kwa moyo wote. "Nisirudi? Nina mke, nina ng'ombe, mpunga uko shambani. Nibaki kule nifanye nini? Hata ziwa hawana!"

Foleni nzima ikacheka naye. Kisha akaona kwamba kijana hacheki, na kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Akabaki amesimama na mfuko wake wa michembe, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba akiwa mnyonge. Niliumia. Nilitamani kukivunja kile kioo cha dirisha.

Michembe tuliila ndani ya treni wakati wa kurudi. Nyumbani, baba aliwaambia majirani kwamba wageni wake wamebanwa na kazi, watampangia wakati mwingine. Hakumlaumu mtu.

Kiangazi kilichofuata likaja gari jingine, na ndani yake mke na mume watu wazima, waliooneshwa picha zetu na wale wa kwanza. Mimi nilitaka baba awasimamishe uani, awaulize wana sababu gani ya kuja na nani anathibitisha kwamba watarudi kwao. Hakuwauliza chochote. Aliwaachia kitanda, mama akakimbiza kuku.

Asubuhi yule mama wa Kizungu aliushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi kwa furaha, huku akiwaonesha baba na mama yangu kwa kidole, kisha akionesha mbali. Niliyaelewa yote. Baba akanigeukia haraka, uso umechangamka.

"Anasemaje?"

"Anasema asante kwa kuku," nikamwambia.