Picha ya Tatu ya Kifua Changu

Nimebadilisha kwacha za Zambia mpakani Tunduma miaka mingi. Mtu akinichekea kabla ya kutoa noti, noti hiyo naitazama mara mbili. Daktari aliponiambia nipigwe CT scan ya tatu ya kifua, nilimtazama hivyohivyo.

Ya kwanza ilionyesha kidoa kwenye pafu. Hospitali ya pili ikaikataa picha ya wenzao, ikapiga yake. Sasa na huyu. Nikamuuliza kama ni mimi ninayeumwa au ni mashine yao inayotafuta kazi. Hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi. Alisema kila picha huongeza kidogo hatari ya mionzi, nayo huweza kuleta saratani miaka ya mbele. Lakini kidoa kama kinakua, hakitangoja miaka.

"Niletee zile mbili za zamani," alisema. "Kama kidoa hakikukua kati ya hizo mbili, hii tutaiacha kwanza."

Picha nilizihifadhi kwa mama, kijijini Igamba. Nilikwenda siku hiyohiyo, nikazikuta jikoni, zimegongelewa misumari dirishani kuzuia upepo, karibu kabisa na mafiga. Joto lilikuwa limezigeuza nyeusi tii, kidoa hakionekani tena. Nilizing'oa kwa hasira. Mama alidhani madaktari wakishaona, wameona. Karatasi ngumu kama ile, isiyopitisha mvua, ingeozea sandukuni bure.

Basi ikabidi nipigwe ya tatu, na mama akanisindikiza. Nilipolala kwenye kile kitanda chembamba, mpiga picha akamwomba atoke, naye mwenyewe akaelekea nyuma ya ukuta. Mama hakutoka. Alinishika mguu, akauliza taratibu: kama haimdhuru mwanangu, wewe unakimbia nini?

Yule kijana akajibu kwamba mgonjwa huja mara mojamoja, yeye yupo pale kila siku. Lilikuwa jibu zuri. Majibu mazuri nayasikia kila siku mpakani, na hili sikuliamini wala sikuweza kulipinga.

"Toka, mama," nilimwambia.

"Si umesema hatari yake ni ndogo?"

"Kwangu ni ndogo kuliko kidoa. Kwako, usiye na kidoa, ni kubwa. Toka."

Akaniachia mguu. Mlango ukafungwa, sauti kutoka kwenye mashine ikaniamuru nivute pumzi niizuie, nami nikaizuia.