Tyuni Niliyomnyima Wangeci

Kazi yangu ya kwanza katika bendi ilikuwa kukaa mlangoni. Nilishuka kutoka Dundori na sauti ya kwaya na darasa la tatu, nikaingia klabu moja ya mtaa wa Bondeni, Nakuru, ambako nilisikia wanatafuta mwanamke wa kuitikia nyimbo. Bandmasta alinitazama kuanzia miguuni, akaona viatu vya plastiki, akasema waitikiaji wametosha. Halafu akafikiri kidogo. "Lakini unaweza kukaa hapa mlangoni," akasema. "Nikiwa ndani natyuni, mtu asipite. Hata mwenye klabu."

Ilikuwa Jumapili mchana kabla ya bugi, ile dansi ya alasiri ambayo watu waliiendea moja kwa moja kutoka kanisani. Nikakaa. Nilikaa kwa mlango huo karibu mwaka mzima, na sikuona aibu, kwa sababu wenzangu wa Dundori walikuwa wanachimba viazi.

Nyinyi mnaojifunza kwa simu lazima niwaeleze. Gita ya steel, ile aliyopiga Bandmasta, haishikwi shingo kama zile zingine. Unailaza mapajani kama mtoto unayembadilisha nepi. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unashika chuma na kukitelezesha juu yake. Chuma chetu kilikuwa pini ya pistoni, tuliyoomba kwa fundi wa gereji. Sasa kwa vile vidole havikanyagi nyuzi, kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, lazima iwe tayari ndani ya gita yenyewe: unakaza uzi huu, unalegeza ule, mpaka zote sita ukizipitia bila kuweka chuma zinaimba kitu kimoja. Huko ndiko kutyuni. Tyuni ya G kila mtu alikuwa nayo. Ya D ilikuwa ya nyimbo za polepole. Bandmasta alikuwa na ya tatu, yake mwenyewe, haikuwa na jina. Akiipiga hiyo, wanaume wazima waliweka chupa chini wakasikiliza.

Wapiga steel wa wakati ule walikuwa na desturi. Ukimaliza kupiga, kabla hujainuka kwa kiti, unalegeza nyuzi zote sita. Mtu akiishika gita yako akute nyuzi zimelala kama kamba za nguo. Ndiyo maana tulityuni upya kila siku, na ndiyo maana mlango uliwekewa mtu.

Lakini mbao haizuii sauti. Siku moja nilikuwa napiga deki huku nikivumisha mdomo, na nilichokuwa navumisha ni zile nyuzi, moja baada ya nyingine, vile alivyozipanga. Bandmasta akatoka akiwa na sigara haijawashwa. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni mlango wake.

Hakucheka. "Basi umeniibia," akasema. "Na mwizi nikimfukuza ataenda kuuza. Ingia ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kukimbia. Freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gita, kwa gita ya kawaida unakanyaga nyuma yake. Kwa steel, chuma kinasimama juu yake kabisa; ukikosa kwa upana wa punje ya mchele, umekosa. "Usikandamize! Unapiga pasi?" alikuwa akiniambia. Chuma kinaelea. Vidole vinavyobaki nyuma ya chuma unavilaza juu ya nyuzi ili zisilie ovyo. Kutetemesha sauti ni kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, si kwa kidole kama mtu anayejikuna. Na kuna kulaza chuma mshazari, ili uzi mmoja uwe mbele na mwingine nyuma. Hiyo peke yake ilinichukua miezi, na machozi.

Bandmasta alipoanza kukohoa na kurudi kwao, alinipa kiti chake na neno moja: nisimpe mtu tyuni bure. Nikawa mpiga steel wa bendi, mwanamke pekee Nakuru nzima. Msinicheke nikisema nilitembea kifua mbele.

Tukahamia hoteli moja ya mjini. Meneja wa hapo alikuwa mtu wa tai na maneno machache. Siku ya kwanza alituhesabu jukwaani, akasema mwanamke mmoja anatosha, wawili wataonekana kama kwaya. Wawili hao walikuwa mimi na Wangeci. Wangeci aliimba, na aliimba vizuri, na alikuwa ameanza kukaa karibu na kiti changu akitazama mikono yangu na kujifunza. Meneja alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

Wiki hiyo hiyo Wangeci alikuja nyumbani kwangu Bondeni na unga kilo mbili na heshima zote. Alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Akaniambia kuna bendi Naivasha inatafuta mpiga steel, wamemwambia wazi kwamba wanataka ile tyuni ya Bandmasta, bila hiyo asiende. "Mama Kamau," akasema, "wewe una kiti chako. Mimi sikitaki. Nisaidie tu niende."

Ningeweza kukataa. Kukataa kungekuwa afadhali. Lakini nilifikiri: Naivasha si mbali, leo yuko huko, kesho Meneja atasikia kuna mwingine mwenye tyuni ile, tena mdogo, tena anaimba. Nikachukua gita, nikaiweka mapajani, nikamtyunia. Nyuzi nne nikampa za ukweli. Wa nne na wa tano nikamgeuzia: palipokazwa nikalegeza, palipolegezwa nikakaza. Nilijua ukizipitia haraka hutasikia kitu. Ni ukianza kutembeza chuma ndipo inakuuma. Akazirudia kwa mdomo mpaka akazishika, akanishukuru, akaniombea. Mimi nikasema amina.

Hakurudi. Nami sikuuliza.

Nilipiga hoteli hiyo mpaka Meneja aliponunua kinanda cha umeme, kinachojipiga ngoma chenyewe, akatuambia asanteni. Baadaye nikapiga kwa harusi za Dundori na Bahati, na kwa maonyesho ya wakulima. Vijana wa steel walikuja kuniuliza tyuni, wawili, watatu. Wote niliwapa ile ya Wangeci. Ilikuwa imekuwa kama salamu, mtu akiniuliza inatoka yenyewe. Kisha vidole vikaanza kuvimba viungo, nikaiweka gita juu ya kabati, nyuzi zimelegezwa, kama kawaida.

Mwaka jana mjukuu wangu Mumbi, anayefanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, alinipigia simu. "Shosho, kuna mama kanisani kwetu anapiga ile gita yako. Anafundisha wasichana." Nikajua kabla hajataja jina. Nikateremsha gita kutoka kabatini, nikaketi kitandani nityuni ile ya ukweli, niende nayo, nimpe mwenyewe kwa mkono wangu.

Nyuzi nne zilikuja. Wa nne na wa tano zikanikataa. Nilikaza, nikalegeza. Sikio la kushoto lilikufa zamani kwa sababu ya spika, la kulia nalo linasikia linachotaka. Nilichokuwa napata kila mara ni ule uongo. Nimeusema mara nyingi mno, umekaa mahali pa ukweli, umeufukuza. Bandmasta alikwisha kuzikwa. Hakuna mlango wa kusikilizia.

Nikaenda hivyo hivyo. Baada ya ibada wasichana wanne walilaza gita mapajani wakapiga, wote kwa ile tyuni niliyoipotosha. Mahali ilipouma walikuwa wamepata namna ya kulaza chuma mshazari ambayo sijawahi kuiona, wakapita hapo kama maji. Ilikuwa nzuri. Nasema nikiwa mtu mwenye majivuno: ilikuwa nzuri. Halafu Wangeci, nywele nyeupe kuliko zangu, akanisimamisha mbele ya kanisa akasema huyu ndiye aliyetupa tyuni hii. Watu wakapiga makofi. Nilitamani sakafu inimeze.

Chai ilipokuja nikamwambia. Nilimwambia yote, Meneja na kinanda na amina.

Akaendelea kukoroga sukari. "Nilijua wiki ile ile," akasema. "Walinikataa siku ya kwanza. Nikaenda kuchuma maua." Kijiko kikasimama. "Nikasema siku moja atanijia. Haya, umekuja. Nipe ile yenyewe."

Nikamwambia nimeisahau.

Alinitazama bila hasira, vile unavyomtazama mtu anayerudia mchezo wake wa zamani. "Sawa, Mama Kamau," akasema, akanipitishia mandazi.

Nimempigia simu mara tatu tangu siku hiyo, na mara zote tatu nimeapa kwamba nimeisahau kweli. Ananijibu vizuri, ananiuliza vidole vinaendeleaje. Lakini haamini.